Kesho Uji, Leo Hupati

Evaristi Ndayikeza hajawahi kusoma chuo chochote, lakini pale Chuo cha Ualimu Rugarika, nje kidogo ya mji wa Kasulu ukishika njia ya Kabanga, hakuna mwanafunzi asiyemjua. Kazi yake ni uwanja. Anafyeka nyasi, anafukia vishimo, anachora mistari kwa chokaa, anafunga nyavu za goli asubuhi ya mechi na kuzifungua jioni kabla mbuzi wa majirani hawajazionja. Ni mtu mkavu, mrefu wa miguu, na kofia ya sufu haimtoki kichwani hata jua likichoma. Ukimwuliza mwanafunzi jina lake halisi atababaika. Wao wanamwita Mtunzi.

Mgeni hudhani amesikia vibaya, kwamba ni mtunza, maana si anatunza uwanja? Hapana. Wanamwita Mtunzi kwa sababu ya wimbo.

Na wimbo wenyewe hauzidi kipande cha karatasi cha kufungia karanga:

Oya, oya, leo hupati!
Lia usilie, leo hupati!
Kesho uje, leo hupati!

Basi, umekwisha. Vyuo vingine vina nyimbo ndefu za kusifia elimu na milima, zinazoimbwa siku ya mahafali huku wageni wakitazama saa. Huu wa Rugarika haujui mahafali. Unaimbwa timu ikiwa uwanjani, na hasa mpinzani akiwa amelikaribia goli, vijana mia nane wakipiga makofi na kushuka nao polepole mwishoni mwa kila mstari, mpaka mpigaji anaona mpira umekuwa mzito. Golikipa mmoja aliwahi kumkimbilia mwamuzi kulalamika kwamba anatukanwa. Mwamuzi akamtaka amwonyeshe tusi lilipo, akakosa pa kuanzia.

Kwa miaka kumi na tisa Evaristi aliusikia wimbo huo kila Jumamosi ya mechi, na kila mara aliivuta kofia mpaka machoni. Watu walidhani ni furaha inayomzidi. Kumbe alikuwa na jambo lake moja alilolijua peke yake: wimbo hakuutunga yeye. Aliuiba, tena kwa mtu aliyemlisha.

Hayo yalianza mwaka 2006. Evaristi alikuwa kijana wa miaka thelathini na mbili, ana mke, Prudence, na shamba la tangawizi kule Muyama ambalo mvua za mwaka huo ziliozesha mpaka mbegu. Akaona asikae kulitazama shamba kama anayelinda kaburi. Akaenda Kibondo kufyatua tofali kwa fundi mmoja aliyekuwa na kazi ya kujenga nyumba za walimu, na akapata chumba cha uani kwa Gharibu, mwenye duka la vitambaa sokoni.

Gharibu alikuwa mtu wa vicheko. Babu zake walikuja na biashara kutoka pwani, yeye akazaliwa hapohapo Kibondo, Kiha anakiongea kama maji, lakini mke alikwenda kumtafuta Tanga. Mke huyo ni Mwajabu. Walikuwa na mtoto mmoja, Zuhra, wa mwaka mmoja na miezi minane. Chumba cha Evaristi na chumba cha Mwajabu vilitenganishwa na ukuta wa tofali moja, wa udongo mbichi, ambao mtu akipiga chafya upande huu, wa upande wa pili wanamwombea afya. Walimtendea wema mpangaji wao. Ijumaa hakosi sahani ya wali. Siku moja homa ilipomkamata, Gharibu alifunga duka mchana kweupe, akampakia kwenye baiskeli na kumpeleka hospitali, akamngoja mpaka akapewa dawa, akamrudisha. Kwa mtu wa kupanga, tena wa dini nyingine, Evaristi aliona hayo ni makubwa.

Mwezi wa sita Mwajabu akaanza kumwachisha Zuhra ziwa. Kazi haikuwa ndogo. Alipaka shubiri, mtoto akaifuta kwa kiganja kama anayefuta vumbi kwenye embe, akaendelea na shughuli yake. Akajaribu kumpeleka kwa jirani, jirani akamrudisha kabla chai haijachemka. Kila alasiri, saa kumi hivi, Mwajabu akirudi kutoka dukani, vita vilianza. Na saa kumi ndiyo saa ambayo Evaristi alikuwa amejitupa kitandani, mgongo hauna hisia, udongo bado umemkaukia kwenye vifundo, anatafuta usingizi wa nusu saa tu. Mtoto analia, mama anaimba. Oya, oya, leo hupati. Lia usilie, leo hupati. Kesho uji, leo hupati. Wiki mbili nzima. Wimbo ukamwingia kichwani ukakaa, kama wimbo wowote unaousikia ukiwa umechoka.

Tofali zilipokwisha alirudi Kasulu, na mwezi wa tisa akapata kibarua cha kufyeka pale Rugarika. Hakuwa na ahadi yoyote. Ni kibarua cha leo upo, kesho hujulikani. Wiki ya tatu ikaja mechi na chuo kimoja kutoka Kigoma mjini. Rugarika walikuwa wanaongoza bao moja, na dakika za mwisho wageni wakapewa penalti. Uwanja ukanyamaza. Evaristi alikuwa amesimama nyuma ya goli na fyekeo lake, hana timu, hana chuo, lakini anautazama mpira kama aliyeweka mtoto wake golini. Akajikuta anaimba. Alianza kwa ndani, kisha sauti ikamtoka. Alipofika mstari wa tatu akaona haya kutaja uji mbele ya wasomi, akalimeza neno katikati. Wanafunzi waliokuwa karibu naye wakasikia "uje". Wakaudaka wimbo, ukazunguka uwanja mzima, na yule mpigaji akaupaisha mpira mpaka kwenye mihogo.

Baada ya mechi mkuu wa chuo wa wakati huo, Mwalimu Constantin, alipita katikati ya wanafunzi wanaorukaruka, akaja mpaka nyuma ya goli.

"Wimbo huu katunga nani?"

"Mimi," Evaristi akasema.

Simtetei. Lakini nani kati yetu hajawahi kujibu swali kabla hajalisikiliza? Alidhani limeulizwa na limekwisha. Halikwisha. Mwalimu Constantin alisema mtu anayeweza kutunga wimbo kama ule hawezi kuachwa aende na fyekeo lake, na kabla ya Krismasi Evaristi alikuwa na barua ya ajira ya kudumu, mtunza viwanja, na chini yake mstari ulioandikwa kwa kalamu: "na mtunzi wa wimbo wa hamasa wa chuo." Prudence aliibusu barua ile. Mtoto wao wa kwanza wa kiume, Junior, alikua akijitambulisha shuleni kama mtoto wa Mtunzi.

Wahenga wanasema njia ya mwongo ni fupi. Ya Evaristi ilikuwa ndefu, na hilo ndilo lililomtesa. Mwaka wa kwanza alituma salamu Kibondo kwa kila aliyekuwa anaelekea huko. Mwaka wa pili akaacha, maana anayebeba salamu hubeba na habari, na habari ya Mtunzi wa Rugarika ikimfikia Mwajabu, atauliza ni wimbo gani huo. Akawa mtu asiyekwenda Kibondo. Akiagizwa huko na chuo, alikuwa na kidonda mguuni, au Prudence hajisikii, au zamu ya kulinda shamba. Mwaka 2014 akasikia Gharibu amefariki. Alivaa shati safi, akaenda mpaka stendi ya Kasulu, akasimama mbele ya basi mpaka kondakta akamwuliza kama anasafiri au anasindikiza. Akarudi nyumbani, akamwambia Prudence basi lilikuwa limejaa. Halikuwa limejaa.

Mwaka huu chuo kimetimiza miaka arobaini. Mwalimu Nasma, anayefundisha Kiswahili, alipewa kazi ya kuandaa kitabu kidogo cha historia, chenye picha za wakuu waliopita na ukurasa mmoja wa wimbo. Ni mwanamke makini, haandiki jambo mpaka alizungushe pande zote. Alikwisha kuandika kwenye rasimu kwamba wimbo ulitungwa na Bwana Evaristi Ndayikeza, na akaongeza maelezo ya lugha: neno "oya" ni la vijana wa mitaani wa Dar es Salaam, la kumwita mtu, na hapa linatumika kumshtua mpinzani. Akaona maelezo hayo yanafaa hata darasani. Siku ya kufundisha maneno ya mitaani akauchukua wimbo kama mfano.

Mwanafunzi mmoja wa mwaka wa kwanza akanyoosha mkono. Alisema "oya" hiyo si ya Dar. Ni ya Kiha, maana yake hapana. Na akasema zaidi, mstari wa tatu unakosewa, si "kesho uje", ni "kesho uji", kwa sababu huo ni wimbo wa kuachisha mtoto ziwa, anaujua vizuri sana, aliyeachishwa nao ni yeye. Mama yake humwimbia mpaka leo akitaka kumtania.

Darasa lilivunjika mbavu. Wavulana walilala juu ya madawati. Tangu siku hiyo binti huyo anaitwa Uji, naye anaitika bila kinyongo, maana ana roho pana kama ya baba yake.

Alhamisi hiyo Nasma akamfuata Evaristi uwanjani, bado anacheka. Evaristi alikuwa anachora mstari wa katikati, kopo la chokaa mkononi. Nasma akamsimulia yote, akasema ni jambo zuri, wimbo una historia kuliko alivyodhani, bila shaka Mzee Evaristi aliwaimbia wanawe mwenyewe na huyu binti kausikia kwa majirani. Je, ndivyo?

Evaristi aliuliza kwanza binti huyo anaitwaje.

"Zuhra Gharibu. Wa Kibondo."

Mstari wa katikati ukapinda. Ukienda Rugarika leo hutauona, mvua imekwisha kuufuta, lakini wiki ile nzima wachezaji walikuwa wanauliza kama sheria za mpira zimebadilika. Evaristi alimwomba Nasma asipeleke kitabu kwa mpiga chapa mpaka Jumatatu, atamletea maelezo kamili. Nasma akakubali, ingawa alimtazama kidogo kabla ya kuondoka.

Jioni Evaristi alimweleza mke wake, kwa mara ya kwanza. Alieleza vibaya, akianzia mwisho, akirudi katikati, na Prudence alimsikiliza huku anachambua maharage. Alipomaliza, Prudence hakulia wala hakumgombeza kuhusu wimbo. Alimwuliza swali moja tu, kama lile basi la kwenda mazikoni lilikuwa limejaa kweli. Evaristi akatikisa kichwa. Prudence akainuka, akaenda uani, akarudi na mfuko wa tangawizi mpya kutoka Muyama, akauweka miguuni pake. Mkono mtupu haulambwi, na mkono wa mwizi ndiyo kabisa.

Jumamosi asubuhi akapanda basi la Kibondo. Njia nzima alijipangia maneno, na kila alipofika "nisamehe" yaliyotangulia yalikuwa yamemtoroka. Hofu yake ilikuwa dhahiri. Mwajabu anaweza kusema mbele ya mtu yeyote: huyu nilimpa wali, akaniibia wimbo wa mwanangu, akala nao mshahara miaka kumi na tisa. Na itakuwa kweli. Chuo kisingemfukuza kwa hilo, alijua, lakini Junior ana mtoto sasa, na mtoto huyo amekwisha kufundishwa kusema babu ni Mtunzi.

Duka lilikuwa palepale sokoni, rangi mpya tu. Mwajabu alikuwa ndani anapima kitenge kwa mteja, mtandio umemteremka begani, mwili umemjaa kuliko zamani. Aliinua macho, akamaliza kupima, akakata, akafunga, akamuaga mteja wake kwa heri zote. Ndipo akasema, "Miguu hiyo naijua. Karibu, kaka Evaristi. Pita ndani, usisimame hapo kama mkusanya ushuru."

Alimpeleka nyumbani, akamkalisha kwenye mkeka wa ukumbini, akamwekea chai. Evaristi hakuigusa. Alisema yote kwa mkupuo: penalti, Mwalimu Constantin, lile "mimi", barua, kitabu, Zuhra darasani. Alisema amekuja kurudisha jina la wimbo kwa mwenyewe, na kama Mwajabu anataka aseme mbele ya chuo kizima, atasema. Alikuwa anautazama mkeka muda wote. Alipoinua uso alikuta Mwajabu amejifunika mdomo kwa mtandio, mabega yanatikisika. Akadhani analia. Alikuwa anacheka.

"Evaristi, mimi mtu wa Tanga," alisema alipopata pumzi. "Mwaka ule Kiha sikijui hata salamu. Hiyo 'oya' ningeitoa wapi?"

Evaristi hakuelewa, ikabidi Mwajabu amweleze taratibu kama anayemfundisha mtoto kufunga viatu. Siku ya kwanza ya kumwachisha Zuhra, mtoto akiwa katika kilele cha kilio, kulisikika ngumi ukutani kutoka chumba cha mpangaji, na sauti ya mtu mwenye usingizi: oya, oya, leo hupati. Mwajabu alichukia. Kwao, oya ni neno la wahuni wa vijiweni wanavyoitana. Gharibu aliporudi alikuta mke amenuna: mpangaji wako hana adabu, ananiita "oya" kupitia ukutani, tena ananiambia sipati, sipati nini? Gharibu alicheka mpaka akakaa chini. Akamwambia huyo hakuiti wewe, anamkatalia mtoto, oya kwa Waha ni hapana.

"Sasa kesho yake nikaona ajabu," Mwajabu aliendelea. "Ukigonga ukuta na kusema vile, Zuhra ananyamaza anasikiliza. Shubiri haikumshinda, ukuta ulimshinda. Nami nikalidaka neno lako. Sauti nilimfuata yeye mwenyewe anavyolia, maana mtoto ukimpinga anapanda, ukimfuata anashuka na wewe. Uji ndio wangu. Huo sikupi."

Evaristi alikaa na habari hiyo mikononi kama mtu aliyekabidhiwa mtoto mchanga. Alijaribu kukumbuka. Ngumi ukutani, ndiyo, alikumbuka ubaridi wa ule udongo kwenye vifundo vya vidole, na aibu ya baadaye kwamba amemfokea mtoto wa watu. Maneno yenyewe hakuwa na hakika nayo, na mpaka leo hana hakika kama anayakumbuka au amepewa. Lakini "oya" ilikuwa yake. Ndani ya nyumba ile mwezi ule hapakuwa na mtu mwingine wa kulala saa kumi alasiri na kusema hapana kwa Kiha. Miaka kumi na tisa alijiita mwizi wa kitu ambacho theluthi yake ilikuwa mali yake. Akacheka, kisha akaona anacheka na machozi, wala hakuyafuta. Akaivuta chai. Ilikwisha kupoa, akainywa yote.

Mwajabu alimwacha anywe. Halafu yeye akaacha kucheka.

Alimwuliza, kama Zuhra asingechaguliwa chuo hicho, Evaristi angekuja?

Mtu mwingine angesema angekuja. Evaristi alikwisha kuchoka kujibu maswali haraka. Alifikiri, kisha akasema asingekuja.

"Basi mimi wimbo hukuniibia," Mwajabu alisema. "Ulichoninyima ni kingine. Gharibu aliumwa miezi minne. Mara mbili aliniuliza, yule mpangaji wetu wa tofali yuko wapi, mbona kimya, au tulimkosea? Alikwenda akidhani tulikukosea."

Hapo hapakuwa na ukuta wa kugonga. Evaristi alisema alifika mpaka stendi. Akasema basi halikuwa limejaa. Akasema Gharibu hakumkosea hata siku moja, yeye ndiye aliyemwogopa mtu aliyembeba kwa baiskeli, kwa sababu ya neno moja la uongo, na kumbe hata uongo haukuwa uongo kamili. Alisema hayo kwa Kiswahili kilichochanganyika na Kiha, kwa sababu maneno ya Kiswahili yalimwishia, na Mwajabu, ambaye sasa Kiha anakijua, aliyapokea yote.

"Pole yangu ya miaka kumi na moja nipe sasa," alisema.

Evaristi akavua kofia. Alimpa pole kama inavyotolewa siku ya msiba, kwa mikono miwili, ameinama, akamtaja marehemu kwa jina na kwa wema wake mmojammoja: wali wa Ijumaa, baiskeli, duka lililofungwa mchana. Mwajabu alikuwa anaitikia kila kimoja. Walipomaliza alikwenda jikoni kuchemsha chai nyingine, akamenya tangawizi ya Muyama akaitia humo, akasema ni kali, hata ya Tanga haijaishinda. Evaristi akajua kwamba amesamehewa, maana mtu wa Tanga hakusifii chako kama bado ana kisirani na wewe.

Alilala usingizi mzito ndani ya basi tangu Kibondo mpaka Kasulu. Kondakta alimwamsha kwa kumtikisa.

Jumatatu alikwenda kwa mkuu wa chuo wa sasa pamoja na Nasma, akaeleza tena, safari hii akianzia mwanzo. Alisema aliposema "mimi" mwaka 2006 alikuwa anaamini anadanganya, na hilo halibadiliki hata kama limetokea kuwa na ukweli ndani yake. Mkuu wa chuo aliichukua ile barua ya zamani, akausoma mstari wa kalamu, akamrudishia. Akasema barua ni ya uwanja, na uwanja hauna malalamiko isipokuwa ule mstari wa katikati, na Jumamosi kuna mechi ya sherehe. Nasma alirudi ofisini, akafuta maelezo yake ya Dar es Salaam, akaandika haya, nayo ndiyo yaliyochapwa: "Wimbo huu ulipatikana Kibondo mwaka 2006, katika nyumba ya marehemu Gharibu. Sauti ni ya mtoto Zuhra aliyekuwa analia, maneno ni ya mama yake Mwajabu na ya mpangaji Evaristi Ndayikeza aliyetaka kulala. Mstari wa tatu ulikosewa Kasulu."

Walijaribu kuurekebisha mstari huo. Mkuu wa chuo alitangaza kwenye gwaride la asubuhi kwamba sahihi ni "uji". Wanafunzi walisikiliza kwa adabu, na siku ya mechi wakaimba "uje" kama kawaida, isipokuwa kikundi cha wasichana wa mwaka wa kwanza, Zuhra akiwa mbele, walioimba "uji" kwa nguvu zote na kuharibu mpangilio. Na jina la Mtunzi halikumtoka Evaristi. Alijaribu kuwaeleza vijana kwamba ni theluthi tu, wakamwambia basi ni Mtunzi wa theluthi, wakaendelea kumwita vilevile.

Mwajabu alikuja kutoka Kibondo kwa ajili ya sherehe. Evaristi alimwekea kiti karibu na mstari, chini ya mwavuli wa Prudence, akaketi pembeni yake, jambo ambalo siku za mechi halifanyi kamwe. Kipindi cha pili wageni walipata kona, wakajazana golini, na vijana mia nane wakaanza. Oya, oya, leo hupati. Mwajabu alishika kifua. Alikuwa hajawahi kuusikia nje ya chumba chake. Aliusikiliza mpaka mpira ukaondolewa, kisha akainama upande wa Evaristi ili asikike.

"Hapa Gharibu angecheka."

"Angecheka mpaka akakaa chini," Evaristi akasema, na kofia hakuivuta machoni. Kona ya pili ikapigwa, na wote wawili wakaimba, Mwajabu kwa "uji" na yeye pia kwa "uji".